UZI: "Naumwa", "siwezi", "nasikia vibaya": maneno yetu ya ugonjwa yametoka wapi, na huko kwenu yanatumikaje?

MuuguziZamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Kazi yangu ni uuguzi, na mara nyingi napangiwa meza ya kwanza, ile ambayo mgonjwa anaifikia kabla hajamwona daktari. Hapo ndipo mtu anapoeleza kwa maneno yake mwenyewe ana nini. Muda si mrefu maneno hayo yanaandikwa kwa Kiingereza kwenye faili, na mengi yanaishia hapo mezani. Nimeleta uzi huu kwa sababu naamini kabisa kwamba tabibu asiyekijua Kiswahili cha mgonjwa wake ameshapoteza nusu ya taarifa kabla hajashika kipimo chochote. Basi tuyachambue, na kila mmoja alete ya kwao.

Naanza na kuumwa. Tanzania bara ukisema "naumwa" umemaliza, hakuna atakayekuuliza unaumwa na nini hadi umekaa. Lakini kuuma ni kazi ya meno. Anayeumwa ni anayeng'atwa, na ndiyo maana tunasema kwa kauli ya kutendwa: mgonjwa hafanyi kitu, anafanyiwa. Hatuko peke yetu katika hili. Mganda mwenye kichwa husema *omutwe gunnuma*, na kuluma kwao ni kung'ata. Mnyarwanda anakwenda mbali zaidi, anasema *umutwe urandya*, yaani kichwa kinamla. Ni fikra ya zamani sana ya Kibantu, kwamba maumivu yana mdomo.

Kazini jambo hili lina uzito wake. Mama anaingia na mtoto mgongoni anasema "kaumwa usiku kucha". Lazima uulize: kaumwa na mdudu, au mwili una joto? Naona watu wengi wameshatenganisha wenyewe, mbwa na nyoka wanang'ata, ugonjwa ndio unauma. Kenya nasikia wengi husema "naumwa na kichwa", wakati huku kwetu hiyo "na" tumeidondosha zamani, tunasema "naumwa kichwa".

Sasa sikilizeni mgonjwa anavyoendelea baada ya hapo, maana Kiswahili hakina uma peke yake. Tumbo linasokota, linakata, linanguruma, limejaa, linaendesha. Kichwa kinagonga, kinapasuka, kinawanga. Kidonda kinapwita. Kifua kinabana, au mtu anasikia kichomi ubavuni kila akivuta pumzi. Mguu umekufa ganzi. Mwili umenyong'onyea, viungo vimelegea, mdomo mchungu, chakula hakipiti. Mzee mmoja alinieleza: "Linasokota, linaachia, halafu linarudi tena palepale." Aliyemfuata akasema lake linawaka moto hapa kwenye chembe, hasa akikaa na njaa. Hao ni wagonjwa wawili tofauti kabisa, na kila mmoja ameshakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Kwenye faili wote wawili waliandikwa maumivu ya tumbo, basi. Mimi hilo linaniuma kweli.

Halafu kuna kuugua. Neno hili lina maana mbili ambazo watu wengi wanaijua moja tu. Kuugua ni kuwa mgonjwa, na pia ni kutoa ile sauti ya mtu mwenye maumivu, kugumia, kupiga kite. Kutoka hapo tumepata kuuguza, yaani kukaa na mgonjwa, kumlisha, kumgeuza, kumfuta jasho. Na muuguzi ni mtu wa kazi hiyo. Mimi nalipenda jina la kazi yangu kuliko lile la nesi, kwa sababu linataja kazi yenyewe. Hata ndugu anayelala chini kando ya kitanda cha mama yake wodini anauguza.

Tukimuaga mgonjwa tunamwambia "ugua pole". Wageni wanaojifunza Kiswahili hushangaa, wanaona kama tunamhimiza mtu aendelee kuugua. Pole hapo ni ile ya polepole na mpole: ugonjwa ukupitie taratibu, usikushike kwa nguvu. Hatumwamuru apone kesho. Tunakubali kwamba yumo ndani ya ugonjwa, na tunamwombea njia laini ya kutokea. Kwa maoni yangu hakuna salamu ya mgonjwa iliyo nzuri kuizidi hii, na inanisikitisha kuona vijana kwenye makundi ya WhatsApp wakiandika "get well soon" kwa bibi yao wa Korogwe.

Upande wa kupona nako kuna utajiri. Mgonjwa hajambo, mgonjwa kapata nafuu, kapata ahueni, afadhali ya jana. Hiyo hajambo si salamu tu. Ukiulizwa "mgonjwa anaendeleaje?" ukajibu "leo hajambo", umesema hana jambo, hana neno linalomsumbua. Na kupona kwenyewe ni kunusurika pia: mtu hupona ajali kama anavyopona homa. Waganda wana *kuwona*, Wakikuyu wana *kũhona*, neno ni lile lile.

Upande wa pili ni pale ndugu wanapokuja mbio getini. Hapo hawasemi anaumwa. Wanasema "kazidiwa". Nimefundisha wanafunzi wangu wa mafunzo kwa vitendo: ukisikia kazidiwa, simama. Maana yake ugonjwa umemshinda nguvu, na familia imeona kitu ambacho wewe bado hujakiona.

Karibuni. Kwenu mnasemaje?

---

Wa_Kariobangi

Asante mleta mada, nimeweka kambi hapa. Kutoka Nairobi: sisi tunasema "nasikia vibaya" ama "mimi ni mgonjwa". Naumwa peke yake ukiisema huku mtu atangoja umalize, unaumwa na nini?

Lakini tofauti kubwa ni homa. Hapa mtu akiwa na kamasi na anapiga chafya anasema "niko na homa". Binamu yangu anaishi Arusha, nilipomwambia kwa simu niko na homa aliniambia nikimbie nikapime malaria. Mimi pua tu ndiyo ilikuwa imeziba!

---

MuuguziZamu

Mkuu umegusa penyewe. Homa ni neno la Kiarabu, *ḥummā*, na maana yake ni joto la mwili kupanda. Bara na visiwani Tanzania tumebaki na maana hiyo: mwenye homa ana joto, na mwenye pua kuziba ana mafua. Kenya, hasa mijini, homa imehamia kwenye mafua. Binamu yako hakukosea kwa Kiswahili chake. Anakoishi neno homa na neno malaria vimekaa pamoja miaka mingi kiasi kwamba wengi hawavitenganishi. Bibi zetu walikuwa na homa ya vipindi, ile inayokuja na kuondoka kwa saa zake, na ukiwasikiliza unajua walikuwa wakieleza malaria bila kuitaja. Neno malaria lenyewe ni Kitaliano, hewa mbaya, kwa sababu watu wa huko waliamini mvuke wa kinamasi ndio unaoleta ugonjwa.

Na hapo pana jambo la huku kwetu ambalo huenda Kenya hamna: kuhesabu malaria. Mtu anarudi kutoka maabara anasema "nina malaria tatu" au "wamenikuta na wadudu watano". Hesabu hiyo ilitoka kwenye darubini, ambako mtaalamu alikuwa akihesabu vimelea kwenye tone la damu na kuandika namba. Siku hizi vituo vingi vinatumia kipimo cha haraka, kile kikaratasi kinachotoa mistari. Mistari haihesabu wadudu, inasema wapo au hawapo. Lakini kila siku naulizwa "sista, wangapi?" Nikisema kipimo hiki hakihesabu, wengine wanaona hawajapimwa vizuri na wanakwenda kulipia kwingine. Kwa hiyo nawaeleza taratibu, huku nawaonyesha mistari yenyewe.

---

Mpemba_wa_Wete

Assalamu alaykum. Bi mkubwa umetaja siwezi kwenye kichwa cha habari kisha umelipita, naona umetuachia sisi wenyewe.

Kwetu Pemba, na Unguja pia kwa wazee, mgonjwa ni mtu hawezi. "Baba kaniambia nipite, mama hawezi." Hakuna kinachoongezwa. Hawezi nini? Hawezi, tu. Na ukimuuliza mwenyewe, "Bibi u hali gani?" atakwambia "Mwanangu siwezi tokea Ijumaa." Akizidi ndio utasikia hajiwezi, huyo sasa anageuzwa kitandani. Ndugu zangu walioko Muscat wanasema hivi hivi mpaka leo, ukizungumza nao kwa simu utadhani wako Chake.

Jambo la pili, sisi tunasema maradhi. Huku bara mnasema magonjwa yasiyoambukiza, kwetu tangazo la serikali linasema maradhi yasiyoambukiza. Na mgonjwa tunamwambia "Mungu akupe shifaa".

---

MuuguziZamu

Wa alaykum salaam. Sheikh, nilikuachia makusudi, nilijua mwenyewe atakuja.

Siwezi ya pwani ni ya zamani sana. Wamishonari waliokuja Unguja na Mombasa karne ya 19 kuandika Kiswahili waliikuta, na waliiandika kwa maana hiyo hiyo ya kuwa mgonjwa. Bara tumeipoteza kabisa. Na hapo ndipo tatizo linapozaliwa: muuguzi kijana kutoka bara amepangiwa kisiwani, anaambiwa "mtoto hawezi", naye anauliza "hawezi kufanya nini, kutembea au kula?" Mama anamshangaa. Wote wawili wanazungumza Kiswahili safi.

Maradhi ni Kiarabu, kama ilivyo siha, afya, dawa, tiba, shifaa na nafuu. Mtu wa pwani anachagua kati ya maradhi na ugonjwa kwa sikio lake, na sioni kwa nini mmoja amsahihishe mwenzake.

---

Mwl_Fasihi

Mleta uzi, kazi nzuri, lakini naomba nitie neno. Ukiyapanga maneno yetu ya ugonjwa utaona sehemu kubwa ni ya kukopa. Homa, maradhi, saratani, tauni, jeraha, baridi yabisi, balghamu. Je, kabla ya Mwarabu kufika, Mswahili alikuwa haumwi? Wanafunzi wangu huniuliza swali hili na natamani jibu lenye nyama.

---

MuuguziZamu

Mwalimu, shikamoo. Nyama ipo, na iko kwenye methali unayofundisha darasani: *Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.*

Ndwele ni ugonjwa. Hilo ndilo neno letu la kale la Kibantu, na ushahidi uko kwa majirani. Mnyarwanda anasema *indwara* kwa ugonjwa na *kurwara* kwa kuugua. Mganda anasema *endwadde*, na mgonjwa ni *omulwadde*. Mchewa wa Malawi anasema *kudwala*. Ni mzizi mmoja umetawanyika kutoka Maziwa Makuu hadi kusini, na kwao ni neno la kila siku, la hospitali na la nyumbani. Sisi tumebaki nalo kwenye methali na kwenye mashairi. Mashairi ya Mombasa na Lamu yana mwele, mtu mgonjwa, na uwele, hali ya kuugua. Kwa hiyo Mswahili wa kale aliumwa sana tu, na alikuwa na jina la kuumwa kwake. Kilichotokea ni kwamba ugonjwa na maradhi yalichukua nafasi, na ndwele ikakimbilia kwenye methali ikapona huko.

Na kuganga! Maana yake ya asili ni kufunga na kuunga, kama mtu anavyoganga mfupa uliovunjika au mtumbwi uliopasuka. Mganga ni mtu wa kuunganisha. Serikali ya Tanzania imelishika neno hilo vizuri kuliko tunavyodhani. Tuna Mganga Mkuu wa Serikali, kila mkoa una Mganga Mkuu wa Mkoa, wote ni madaktari waliosomea vyuo vikuu. Wakati huo huo mtaani mganga ni yule mwenye hirizi. Jina moja linawabeba wote wawili.

Sasa tazama majina ya magonjwa ambayo hatukukopa, jinsi yanavyochora mwili. Kipindupindu kinampindua mtu, maji yote nje ndani ya saa chache. Kilipoingia Unguja mwaka 1869 na kuendelea mwaka 1870 kiliua watu wengi mno. Malale yanatokana na kulala. Kifafa kina kufa mara mbili ndani yake, kwa sababu mgonjwa anaanguka kama aliyekufa kisha anarudi. Kizunguzungu, kichefuchefu, matubwitubwi: ukiyatamka tu mdomo unafanya kazi ya ugonjwa wenyewe. Kifua kikuu ni kifua tu kilichozidi ukubwa, kwa sababu kwetu "ana kifua" inatosha kumaanisha anakohoa.

Hata hayo ya kukopa yana mambo. Baridi yabisi maana yake ni baridi kavu. Yabisi ni Kiarabu cha kukauka. Hiyo ni elimu nzima ya tiba ya kale, ya Wayunani na Waarabu, iliyoamini mwili unatawaliwa na joto, baridi, unyevu na ukavu, na ugonjwa ni mizani kuharibika. Balghamu, kohozi, ni mojawapo ya vimiminika vinne vya elimu hiyo hiyo. Bibi anayesema magoti yake yana baridi yabisi ametaja nadharia iliyotembea kutoka Ugiriki hadi Bagamoyo. Saratani nayo ni kaa, yule wa baharini. Wayunani waliona uvimbe una miguu kama kaa, Waarabu wakatafsiri, sisi tukachukua. Kansa iliyokuja kupitia Kiingereza asili yake ni kaa yule yule kwa Kilatini. Kwa hiyo wanaobishana kama tuseme saratani au kansa wanabishana juu ya kaa mmoja.

---

Kijana_wa_Newala

Wakuu, mimi ni Mmakonde, naomba kuuliza kitu kinachonikera. Kila ukisoma habari za chikungunya kwenye mitandao wanaandika eti ni neno la Kiswahili. Huku kwetu wazee wanasema ni letu. Halafu pia hii homa ya dengue wizara inaiita kidingapopo, popo anahusikaje?

---

MuuguziZamu

Ndugu yangu, wazee wako wako sahihi asilimia zote. Mlipuko uliotambuliwa ulikuwa kwenu, uwanda wa Makonde, mwaka 1952 hadi 1953. Madaktari wa Kiingereza walioandika habari zake mwaka 1955 walichukua jina walilolikuta kwa wenyeji, kutoka kitenzi cha Kimakonde *kungunyala*, kujikunja. Ni ugonjwa unaomkunja mtu, viungo vinauma hadi mgonjwa anatembea ameinama. Leo jina hilo linatumika India, Brazili, visiwa vya Karibi, kila mahali virusi hivyo vilipofika. Uganda nao walitoa la kwao: mwaka 1959 kaskazini mwa nchi palizuka homa ya viungo, na dunia imeichukua kwa jina la Kiacholi, *o'nyong-nyong*. Mimi hufurahi kwamba kwa magonjwa haya sayansi ilimsikiliza mgonjwa. Aliulizwa unasikiaje, akajibu kwa lugha yake, na jibu lake likawa jina.

Kuhusu popo, hahusiki. Mbebaji ni mbu aina ya Aedes, yule mwenye madoa meupe anayeuma mchana. Zamani neno lilikuwa na pepo ndani yake. Daktari Mskochi James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja, aliandika kwamba mwaka 1870 kulikuwa na homa ya viungo ambayo wenyeji waliiita *kidinga pepo*, na kwamba wazee walikumbuka ugonjwa kama huo, kwa jina hilo hilo, mwaka 1823. Pepo hapa ni kama katika pepopunda: ugonjwa unaomshika mtu ghafla na kumkakamaza ulihesabiwa kuwa wa pepo. Kwa matumizi ya leo pepo amegeuka popo.

Christie aliona kwamba ugonjwa kama huo ulitokea Karibi mwaka 1827 na 1828, na akapendekeza kwamba jina dengue lilitoka kwetu, dinga ikageuka dengue midomoni mwa Wahispania wa Kuba. Kama ni kweli, njia yake ilikuwa meli, na meli nyingi za zama zile tunajua zilibeba nini. Lakini pana pingamizi la haki: Kihispania tayari kilikuwa na neno dengue, kwa maana ya madoido na maringo, na mgonjwa wa viungo hutembea kwa kujibana kama anayejishaua. Pingamizi jingine linakuhusu wewe wa Newala. Wapo wataalamu wanaosema ugonjwa wa 1823 na 1870, kwa jinsi maumivu ya viungo yalivyodumu, unafanana zaidi na chikungunya kuliko dengue. Yaani inawezekana Unguja ilitoa jina kwa ugonjwa mmoja huku ikiugua mwingine. Mimi naegemea upande wa Christie kuhusu safari ya neno, ila nakiri Kihispania kina hoja.

---

Mhaya_Asili

Kwenye uzi wa maneno ya ugonjwa lazima Kagera tutajwe. UKIMWI ulipoanza kwetu mwanzoni mwa miaka ya 80 haukuwa na jina. Watu waliuita Juliana, kwa nguo zilizokuwa zikivuka kutoka Uganda zenye jina hilo. Waganda wakauita Silimu kwa jinsi mtu alivyokonda. Baadaye mitaani yakaja ya ngoma, miwaya, kaungua. Nilikuwa mtoto, nakumbuka mtu akisemwa "kakanyaga miwaya" watu walikuwa wanahama benchi.

---

MuuguziZamu

Asante kwa kulileta, pole kwa mliyoyapitia Kagera.

UKIMWI wenyewe ni neno lililotengenezwa, Upungufu wa Kinga Mwilini, na limekaa vizuri hadi watoto hawajui kuwa ni kifupisho. Hivyo hivyo UVIKO-19, Ugonjwa wa Virusi vya Korona, ingawa hili mtaani halikushika, watu wamebaki na korona. Lakini hayo ya ngoma na miwaya mimi siyakubali hata kidogo, na wodini siruhusu yatamkwe. Yalifanya watu waogope kupima kuliko walivyoogopa ugonjwa. Mtu anayesikia jirani akicheka kwamba fulani "kaungua" hatakuja kliniki mchana, atakuja amebebwa. Sasa tunasema anaishi na virusi, na vituoni wapo wanaoitwa WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao wananyonyesha, wanalima, wanasomesha. Methali inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza kwamba mara nyingi anayemfanya afiche ni sisi tulio nje, kwa majina tunayompa.

Mambo ni hayo hayo kwa ukoma. Ni mtu mwenye ukoma. Hakuna mkoma.

---

MamaPacha_Moro

Dada samahani, mimi sina elimu ya lugha, nina swali la nyumbani. Mama mkwe wangu anasema mtoto akishikwa na degedege asipelekwe hospitali kwanza kwa sababu akichomwa sindano anakufa. Anasema ni dege linapita juu yake. Mimi nina pacha wa mwaka mmoja na miezi. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?

---

MuuguziZamu

Mama Pacha, swali lako ni kubwa kuliko yote kwenye uzi huu, asante kwa kuliuliza.

Mama mkwe hajalitunga. Degedege ni dege, ndege mkubwa au nondo, na imani ya pwani na Morogoro ni kwamba akipita usiku juu ya mtoto, mtoto anatikisika, macho yanageuka juu, mikono inapigapiga kama mbawa. Aliyelitoa jina hilo alikuwa amemwangalia mtoto kwa makini sana, dalili zote zimo. Na hofu ya sindano ina chanzo chake: watoto wengi walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, wakachomwa sindano, wakafa, na watu wakaona sindano ndiyo iliyoua.

Kinachotikisa mtoto mara nyingi ni joto kali, na huku kwetu nyuma ya joto hilo huwa kuna malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Malaria ya kichwa haisubiri asubuhi.

Usimwambie mama mkwe kwamba degedege haipo. Ipo, ameiona, na pengine imemchukulia mtoto. Mwambie hivi: "Mama, degedege ina dawa yake, na dawa hiyo iko hospitali, inafanya kazi tukiwahi." Mwombe mwende wote wawili. Akitaka kusoma dua au kumfunga mtoto kitu mkononi, afanye mkiwa njiani.

Mtoto akianza kutikisika mlaze ubavu, mlegeze nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, usimmwagie maji ya baridi. Angalia saa ili useme imechukua muda gani. Halafu toka. Ukifika getini usianze kueleza habari ndefu, sema "mtoto ana degedege, kazidiwa". Yeyote atakayekuwa zamu ataelewa.